Pikapu yenye trela: tangi la mafuta litakufikisha wapi kati ya Lilongwe na Dzaleka?

Makala hii ni kwa mtu yeyote anayeendesha au kukodi pikapu inayovuta trela: mfanyabiashara wa Dzaleka anayefuata bidhaa Lilongwe, familia inayohamisha vyombo kutoka Area 49, mkulima wa Dowa anayepeleka mahindi au tumbaku Kanengo, na vikundi vinavyochangia gari moja. Inaeleza tangi la pikapu huchukua lita ngapi, gari linaenda kilomita ngapi likivuta mzigo, jinsi ya kupiga hesabu kabla ya safari, na kwa nini usitatue tatizo la mafuta kwa kuweka madumu ya petroli nyumbani.

Jambo kuu la kukumbuka ni hili: pikapu inayovuta trela lenye mzigo huenda nusu tu, au zaidi kidogo ya nusu, ya umbali inaokwenda ikiwa tupu. Dereva anayekuambia "tangi likijaa tunafika Mzuzu na kurudi" huenda anasema kweli kwa gari tupu. Kwa gari lenye trela, si kweli.

KWA NINI HESABU HII NI MUHIMU MALAWI

Malawi haina bandari ya baharini. Mafuta yake huingia kwa malori na treni kutoka bandari za Dar es Salaam nchini Tanzania, na Beira na Nacala nchini Msumbiji, na hununuliwa kwa fedha za kigeni. Fedha hizo zinapopungua, mafuta nayo huadimika. Ndivyo ilivyotokea mwaka 2022, na tena mwishoni mwa 2024 hadi 2025, magari yakapanga foleni kwa saa nyingi, mengine usiku kucha.

Kwa hiyo usipange safari kwa kutegemea kwamba utajaza njiani. Kituo kilichokuwa na dizeli asubuhi kinaweza kukauka mchana. Ukiwa na trela lililojaa unga, vyombo au mbao, kuishiwa mafuta barabarani maana yake ni kulala na mzigo, kulipa gari la pili, au kununua mafuta ya magendo kwa bei ya juu bila kujua yamechanganywa na nini.

TANGI LINA LITA NGAPI?

Pikapu nyingi zinazoonekana Lilongwe na Dowa zina matangi yanayokaribiana. Hizi ni lita za kawaida kwa kila aina:

- Toyota Hilux (za kuanzia 2016): lita 80
- Ford Ranger (za kuanzia 2012): lita 80
- Nissan Navara: karibu lita 80
- Isuzu D-Max: lita 76
- Mitsubishi L200: lita 75
- Toyota Land Cruiser ya pikapu (79): lita 130

Pikapu za zamani mara nyingi zina tangi dogo zaidi, kama lita 65. Angalia kitabu cha gari. Kama hakipo, muulize fundi anayelijua gari hilo, kwa sababu magari yaliyotumika yanaweza kuwa yamebadilishiwa tangi.

Si kila lita iliyomo tangini ni ya kutumia. Taa ya mafuta huwaka zikiwa zimebaki kama lita 10 hivi, na chini kabisa ya tangi hukaa maji na uchafu. Injini ya dizeli ikikauka kabisa huvuta hewa. Hapo hata ukiongeza mafuta haitawaka mara moja. Itabidi utoe hewa kwa kupampu kwa mkono kwenye chujio la dizeli. Katika injini za kisasa, kukauka mara kwa mara huharibu pampu na nozeli, na matengenezo yake ni ghali kuliko tangi zima la mafuta.

Kanuni rahisi: hesabu robo tatu tu ya tangi kuwa mafuta ya safari. Robo moja ni ya dharura: foleni, njia ya kuzunguka, mvua, au kurudi kwa sababu ya mgonjwa.

KILOMITA NGAPI KWA LITA?

Takwimu zifuatazo ni makadirio ya kuanzia, kwa gari lenye afya, mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, na trela lenye mzigo wa kati. Gari lako linaweza kuwa juu au chini kidogo.

Pikapu ya dizeli, injini ya 2.4 hadi 3.0:
- ikiwa tupu: kilomita 11 kwa lita
- ikivuta trela tupu: kilomita 9 kwa lita
- ikivuta trela lenye mzigo: kilomita 6.5 kwa lita

Pikapu ya petroli, injini ya 2.7:
- ikiwa tupu: kilomita 8.5 kwa lita
- ikivuta trela tupu: kilomita 7 kwa lita
- ikivuta trela lenye mzigo: kilomita 5 kwa lita

Land Cruiser ya dizeli, injini ya 4.2:
- ikiwa tupu: kilomita 8 kwa lita
- ikivuta trela tupu: kilomita 7 kwa lita
- ikivuta trela lenye mzigo: kilomita 5.5 kwa lita

Ukizidisha kwa robo tatu ya tangi, unapata hivi:

- Dizeli, tangi la lita 80 (za kutumia 60): kilomita 660 ikiwa tupu, 390 ikiwa na trela lenye mzigo.
- Petroli, tangi la lita 65 (za kutumia 48): kilomita 408 ikiwa tupu, 240 ikiwa na trela lenye mzigo.
- Land Cruiser, tangi la lita 130 (za kutumia 97): kama kilomita 775 ikiwa tupu, 530 ikiwa na trela lenye mzigo.

MIFANO YA SAFARI

Lilongwe hadi Dzaleka na kurudi. Umbali ni kama kilomita 45 kutoka katikati ya jiji: unafuata barabara ya M1 kuelekea kaskazini, unapita Kanengo na Lumbadzi, kisha unaacha M1 na kushika njia ya kwenda Dowa. Kwa pikapu ya dizeli, kwenda na trela lililojaa ni 45 ÷ 6.5, yaani karibu lita 7. Kurudi na trela tupu ni 45 ÷ 9, yaani lita 5. Ongeza lita 3 za kuzunguka mjini kuchukua bidhaa na kukaa kwenye foleni. Jumla ni lita 15. Tangi la lita 80 litakupa safari nne bila kugusa robo ya dharura.

Kwa pikapu ya petroli yenye tangi la lita 65, safari hiyohiyo ni lita 9 kwenda, lita 6.4 kurudi na lita 3 za mjini: jumla zaidi kidogo ya lita 18. Hapo una safari mbili tu. Ya tatu itakula akiba.

Ukitokea Area 49 umbali ni mfupi kidogo kwa sababu uko tayari upande wa kaskazini wa jiji. Lakini kama utaingia kwanza mjini kununua bidhaa, hesabu kilomita hizo pia.

Lilongwe hadi Blantyre, kama kilomita 310. Kwenda na mzigo kwa pikapu ya dizeli ni karibu lita 48. Kurudi na trela tupu ni lita 34 au 35. Jumla inazidi lita 80. Tangi moja halitoshi. Lazima ujaze Blantyre kabla ya kugeuza.

Lilongwe hadi Mzuzu, kama kilomita 360. Kwenda tu ni lita 55. Unafika, lakini umebakiwa na lita 25, na kurudi kunahitaji lita 40. Kumbuka pia kwamba njia hiyo ina milima, kwa hiyo usishangae ukitumia zaidi.

Kuelekea Karonga na mpaka wa Songwe, tangi la lita 80 halikufikishi kwa mwendo mmoja ukiwa na trela lenye mzigo. Jaza Mzuzu hata kama geji bado inaonyesha nusu.

PIMA GARI LAKO MWENYEWE

Njia hii haihitaji fundi wala kifaa:

1. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza. Usiongeze baada ya hapo.
2. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, au piga picha ya kilomita zilizo kwenye dashibodi.
3. Fanya safari yako ya kawaida ukiwa na trela na mzigo wa kawaida.
4. Jaza tena mpaka pampu ijikate, ikiwezekana kwenye pampu ileile. Andika lita zilizoingia.
5. Gawanya kilomita kwa lita.

Mfano: umekwenda kilomita 187 na zimeingia lita 27.5. 187 ÷ 27.5 = 6.8. Gari lako na trela hilo linakwenda kilomita 6.8 kwa lita. Rudia mara tatu kisha chukua wastani, maana safari moja yaweza kuwa na upepo au foleni isiyo ya kawaida.

Usitegemee geji peke yake. Trela linapolemea nyuma ya pikapu, gari huinamia nyuma, mafuta husogea tangini na mshale hudanganya. Vilevile, katika magari mengi nusu ya kwanza ya geji hushuka polepole na nusu ya pili hushuka haraka.

KINACHOKULA MAFUTA UKIVUTA TRELA

Mwendo. Nguvu ya upepo unaolizuia gari huongezeka haraka kuliko mwendo wenyewe. Kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, upepo huo huzidi kwa zaidi ya nusu. Kwenye kilomita 45 za Dzaleka, kwenda 100 badala ya 80 kunakuokolea kama dakika saba tu, lakini unazilipia kwa mafuta na breki.

Urefu wa mzigo. Magodoro, makabati na viti vilivyopangwa juu kuliko paa la gari hufanya kazi kama tanga la jahazi. Panga chini, funga turubai likaze, usiache linapigapiga.

Uzito na mpangilio. Mzigo mzito uwe juu ya ekseli ya trela, ukisogea mbele kidogo tu. Kiasi cha asilimia 10 ya uzito wa trela ndicho kinachotakiwa kukaa kwenye ndoano ya gari. Mzigo ukiwa nyuma sana, trela huyumba na linaweza kulipindua gari.

Matairi. Tairi lenye upepo kidogo hula mafuta, hupata moto na hupasuka. Pima matairi ya gari na ya trela asubuhi kabla hayajapata joto.

Njia ya udongo. Kati ya Novemba na Aprili matope huongeza sana matumizi. Gia ya kuvutia magurudumu yote manne ni ya matopeni. Ukiingia lami, itoe.

Ubovu mdogo. Chujio la hewa lililoziba, breki ya trela inayoshika, au beringi iliyokauka grisi huweza kukupotezea kilomita nyingi bila wewe kujua. Baada ya kilomita chache simama, weka mkono karibu na kitovu cha gurudumu la trela bila kukigusa. Kama kina joto kali upande mmoja, kuna kitu kinashika.

USIZIDISHE UZITO ILI KUOKOA MAFUTA

Wengi hufikiri safari moja iliyojazwa sana ni nafuu kuliko mbili. Kwa mafuta huenda ikawa hivyo, kwa usalama hapana. Pikapu nyingi zinaruhusiwa kuvuta kilo 750 tu kama trela halina breki zake. Hizo 750 ni pamoja na uzito wa trela lenyewe. Trela lenye kilo 250 linabakiza kilo 500, yaani magunia 10 ya mahindi ya kilo 50, au marobota matano ya tumbaku ya kilo 100. Matrela mengi yanayoundwa na mafundi wa kuchomelea hayana breki, kwa hiyo hesabu hii inawahusu wengi.

Usipakie watu juu ya trela. Kama wenzako wanapanda matola, wapande gari jingine. Trela linalokatika halina usukani.

MADUMU YA MAFUTA: HATARI ILIYO NYUMBANI

Uhaba unapoingia, watu hujaza madumu, au bidoni kama wengine wanavyoyaita, na kuyaweka chumbani. Hili ndilo jambo linaloweza kuua.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoki dirishani, hutambaa sakafuni mpaka ukutane na jiko la mkaa, mshumaa au sigara, hata kama moto uko chumba cha pili. Dzaleka ilianza mwaka 1994 na ilipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa ina zaidi ya 50,000. Nyumba zimebanana, na moto wa nyumba moja ni moto wa mtaa.

Mamlaka ya nishati ya Malawi, MERA, imekataza vituo kuuza mafuta kwenye madumu bila kibali, na polisi hukamata mafuta yanayouzwa kimagendo. Ukihitaji mafuta kwa mashine ya kusaga, jenereta au pampu ya maji, omba kibali kwanza. Ukikipata:

- Tumia dumu la chuma au la plastiki lililotengenezwa kwa mafuta. Dumu la mafuta ya kupikia au la maji halifai.
- Lijaze likiwa chini, si likiwa juu ya bodi ya gari. Acha nafasi kidogo juu, kwa sababu mafuta hutanuka kwenye joto.
- Lisafirishe nyuma, limefungwa lisianguke, mbali na abiria. Usiliweke ndani ya kabini.
- Usilaze dumu la mafuta kwenye nyumba wanamolala watu.
- Usinyonye mafuta kwa mpira na mdomo. Yakiingia kwenye mapafu yanaweza kuua.

Mtoto akinywa petroli, dizeli au mafuta ya taa, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mpeleke mara moja kituo cha afya cha Dzaleka au hospitali iliyo karibu. Mtu akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mpeleke. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga.

KUKODI PIKAPU: KUBALIANENI KABLA

Ugomvi mwingi kati ya dereva na mwenye mzigo ni wa mafuta. Bei ya pampu hubadilika, kwa hiyo anzeni kwa lita, si kwa kwacha. Kubalianeni haya kabla injini haijawaka:

1. Safari ni kilomita ngapi, kwenda na kurudi?
2. Gari hili linakwenda kilomita ngapi kwa lita likiwa na trela? Mwombe dereva akuonyeshe alivyopima.
3. Nani analipia mafuta, na kama mafuta yakizidi makadirio, nani anaongeza?
4. Kama hakuna mafuta kituoni, safari inaahirishwa au mtanunua kwingine? Malipo ya awali yanarudishwa?
5. Mzigo ukiharibika au ukilala njiani, nani anahusika?

Andikeni kwenye karatasi au kwenye ujumbe wa simu. Pigeni picha ya geji na ya kilomita mwanzoni na mwishoni. Kama mmechangia gari watu kadhaa, gawaneni gharama kwa uzito au nafasi ya kila mtu, si kwa vichwa. Mama mwenye magunia mawili asilipe sawa na mwenye magunia manane.

KABLA HUJAONDOKA

- Mafuta: lita za safari nzima zimo tangini, na robo ya akiba haimo kwenye hesabu.
- Ndoano na mnyororo wa usalama vimefungwa, pini imeingia.
- Taa za trela zinawaka: breki, kulia, kushoto.
- Matairi yote yana upepo, pamoja na la akiba la trela.
- Mzigo umefungwa na turubai limekazwa.
- Hati za gari na za trela zipo. Trela nalo hukaguliwa, na trela zito huhitaji daraja lake la leseni. Hakikisha katika ofisi ya usalama barabarani, DRTSS.
- Kama wewe ni mkimbizi, una kitambulisho chako na kibali cha kutoka kambini. Kwenye vizuizi vya polisi utaulizwa.
- Kuna mtu Dzaleka au Lilongwe anayejua umeondoka saa ngapi na unapita njia gani.
- Unasafiri mchana. Trela lililoharibika gizani kwenye M1 ni hatari kwako na kwa wengine. Likiharibika, lisogeze nje ya lami, weka vibao vya pembetatu mbele na nyuma, na watu wakae mbali na barabara.

Hesabu yote haichukui dakika tano: kilomita za kwenda gawanya kwa matumizi yenye mzigo, kilomita za kurudi gawanya kwa matumizi ya trela tupu, jumlisha, ongeza lita za mjini. Kama jibu linazidi robo tatu ya tangi lako, punguza safari au tafuta mafuta kwanza. Usiondoke kwa matumaini.